UZI: Kufufua rimu za zamani za magari ya spoti kwa hewa hii ya Tanga

MenoYaHabu

Wakuu, habari za Tanga. Maswali ya rimu za zamani yanakuja moja moja na majibu yanapotea. Leo MGB ya spoku, kesho Datsun 240Z, keshokutwa mtu ana Porsche 911 bandani Raskazone, kando ya bahari, na rimu zimeota unga mweupe. Tuyaweke sehemu moja. Mwenye kujua aongeze, mwenye kupinga apinge kwa vipimo.

Naanza na kosa kubwa kuliko yote: watu wanang'arisha kwanza, wanakagua baadaye. Alumini ni laini. Ukiipitisha kwenye mashine ya kung'arishia, ngozi ya juu inasukumwa na kuziba ufa, kama plasta inavyoziba ufa wa ukuta. Ufa uko palepale, ila sasa huuoni tena.

Kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa, jua umeshika nini. Sumaku ikinata ni chuma. Isiponata, kwangua kidogo upande wa nyuma hadi madini yawe meupe, dondosha tone moja la siki nyeupe. Ikitoa vipovu papo hapo, hiyo ni magnesi. Ikitulia, ni alumini. Mkono nao unapima: magnesi ina gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7, kwa hiyo rimu ya magnesi ni nyepesi kwa kama theluthi. Hili la magnesi usilifanyie mzaha, nitalirudia.

Halafu tafuta nyufa. Osha kwa sabuni, futa mafuta yote kwa thina, kausha. Paka mafuta ya taa sehemu zenye shaka, yaache nusu saa au zaidi yapenye. Futa hadi pakauke kabisa. Paka chokaa nyepesi, iache ikauke, gonga rimu taratibu kwa nyundo ya mti. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Ni njia ya zamani sana, ekseli za treni zilikaguliwa hivyo. Tazama mizizi ya mikono ya rimu, kuzunguka matundu ya nati, na ukingo wa ndani ambao ndio hula mashimo yote ya barabarani.

BintiPongwe

Mkuu, uzi umesimama, lakini hapo kwenye chokaa nakusahihisha. Chokaa ya tanuru, hata ikiwa nzuri vipi, ikipata maji inakula alumini. Utapata madoa ya kijivu hayatoki. Tumia chaki ya ubaoni iliyosagwa laini, koroga kwa spiriti badala ya maji. Inakauka dakika mbili na mstari unaonekana vizuri zaidi.

Mwenye uwezo anunue dawa nyekundu ya kupulizia ya kukagulia nyufa, ile inayouzwa na kopo la pili jeupe. Unapuliza nyekundu, unasubiri dakika 10 hadi 20, unafuta kwa kitambaa (usiipulizie kisafishio moja kwa moja, utaitoa ndani ya ufa), unapuliza nyeupe. Inaona vitu ambavyo mafuta ya taa hayaoni.

MenoYaHabu

Nimekubali, dada. Chaki na spiriti, chokaa iondoke.

KijanaNgamiani

Naweka kambi hapa. Swali: MGB, rimu za spoku, spoku tano zimekatika upande mmoja na rimu inacheza. Je, nabadilisha hizo tano tu? Na kutu ya spoku zilizobaki, fundi mmoja kanishauri nizitumbukize kwenye maji ya betri.

MzeeWaSpoku

Kijana, maji ya betri weka mbali na hizo spoku. Spoku ni chuma kigumu kinachovutwa muda wote. Asidi ikikisafisha, hidrojeni inaingia ndani ya chuma na kukifanya kikavu kama kioo. Itang'aa, utaifunga, halafu siku moja itakatika bila onyo. Shida hiyohiyo ipo kwenye kuipaka kromu: baada ya kromu spoku lazima ziokwe kwenye nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa, tena mara tu zinapotoka kwenye birika, ili hidrojeni itoke. Anayekupakia kromu bila oveni anakuuzia urembo.

Kwa ukingo wa rimu peke yake, ambao ni chuma laini, tumia molasi, ileile wanayolishwa ng'ombe wa maziwa. Ndoo moja ya molasi kwa ndoo tisa za maji, loweka wiki moja hadi mbili, suuza, kausha hapohapo. Inanuka, inajaza inzi, lakini haili chuma kizima. Alumini na magnesi usizitie humo.

Sasa hizo tano. Rimu ya MGB ya inchi 14 ina spoku 60, ya Jaguar E-Type 72. Moja au mbili zikikatika mbalimbali, badilisha hizo. Tano upande mmoja maana yake jirani zake zilibeba mzigo usio wao, nazo zimechoka. Fungua yote, suka upya. Na elewa kwa nini zilikatika: mara nyingi spoku haikatiki kwa kukazwa sana, inakatika pale kwenye kona kwa kulegea. Iliyolegea inakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, mwisho inachoka.

Mpangilio wa kazi:

Kwanza pima mkao, yaani ukingo umekaa mbali kiasi gani na kitovu (sehemu ya katikati ya rimu). Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wa ndani wa rimu, pima kutoka kwenye rula hadi uso wa kitovu, sehemu nne. Andika ukutani, usiandike kwenye karatasi, karatasi zinapotea. Piga picha jinsi spoku zinavyopishana.

Nipeli (vinati vidogo vinavyokaza spoku) zipige mafuta ya kulegeza siku mbili. Zilizogoma usizilazimishe, kata spoku. Lakini legeza au kata kwa kuzunguka, moja huku moja kule. Ukiondoa upande mmoja wote kwanza, rimu itajikunja kama papai lililokaa juani.

Angalia matundu ya nipeli kwenye rimu. Likiwa limevutika kwenda nje au lina vinyufa vya nyota, rimu hiyo si ya barabarani tena. Spoku mpya ziende na nipeli mpya. Spoku haziko sawa kwa urefu wala kwa kona. Zitenge mafungu, funga utepe wa rangi tofauti. Mtu akichanganya hapa atasuka mara tatu.

Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za spoku. Suka zote kwa vidole tu, nyuzi zibaki zinaonekana sawa kila mahali. Kisha anza kukaza robo mzunguko, robo mzunguko. Usizidi.

Kunyoosha: anza na kupanda na kushuka, halafu kucheza kulia na kushoto, halafu rudia kipimo cha mkao. Rimu ikipanda mahali, kaza spoku za pande zote mbili hapo. Ikienda nje, kaza zinazovuta ndani na legeza zinazovuta nje kwa kiasi kilekile. Ukikaza tu bila kulegeza, utaishia na rimu iliyonyooka lakini spoku zimevutwa kama uzi wa gitaa na mkao umehama. Funga rimu kwenye habu yake yenyewe, simamisha msumari kwenye stendi karibu na ukingo, zungusha. Mimi rimu ikizidi milimita 1.5 upande wowote siiachii.

Mwisho gonga kila spoku kwa spana ndogo. Zilizo aina moja zilie sauti moja. Inayolia "tup" imelegea. Ncha za spoku zilizochomoza kupita nipeli zisage ziwe sawasawa, zungushia utepe wa mpira, ndipo tyubu iingie. Rimu ya spoku ya asili inavujisha hewa kwenye kila tundu la nipeli, kwa hiyo ni tyubu.

KijanaNgamiani

Shikamoo mzee. Hapo nimeelewa. Je, nikizipiga rangi ya poda zote baada ya kusuka?

MzeeWaSpoku

Marahaba. Hapana. Poda inagandisha nipeli na spoku kuwa kitu kimoja. Ukija kukaza baada ya kilomita 500, poda inapasuka mduara kila nipeli, chumvi inaingia chini yake, na kutu inatembea gizani. Poda weka kwenye kitovu na ukingo kabla ya kusuka ukitaka. Spoku ziwe rangi ya kawaida au spoku za chuma kisichoshika kutu.

MenoYaHabu

Naongeza la meno, maana jina langu linanidai. Rimu ya kufungwa kwa nati moja katikati, mfumo wa Rudge-Whitworth, inasukumwa na meno ya habu (kipande cha gari ambacho rimu inavalia). Kabla hujatumia pesa kwenye spoku, tazama hayo meno. Zima yana bapa juu. Yaliyokwisha yamechongoka kama msumeno. Ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka mzizi wa meno, rimu ilikuwa inacheza. Inua gari, mtu akanyage breki, shika tairi uizungushe mbele na nyuma: kikisikika "tak", imekwisha. Rimu mpya juu ya habu iliyokwisha italiwa meno yake haraka sana. Badilisha vyote viwili.

Nati za masikio, ndizo hizo za katikati: upande wa kushoto wa gari nyuzi ni za kawaida, upande wa kulia ni za kinyume. Kumbukumbu rahisi: inafunguka kwa kuelekea mbele, vile tairi linavyozunguka gari likienda. Mtu akibadilishana habu za kushoto na kulia wakati wa kufunga beringi, gari litafungua nati zake lenyewe barabarani. Hii siyo nadharia, ndivyo nyuzi zinavyofanya kazi.

Grisi nyembamba kwenye meno, kwenye koni na kwenye nyuzi. Gonga kwa nyundo ya shaba au ya risasi, nyundo ya chuma inapasua kromu ya masikio. Kaza tairi likiwa hewani ili rimu ikae kwenye koni, shusha, gonga tena. Baada ya kilomita 50, rudia.

Na anayefanya balansi aambiwe: rimu hizi zinashikwa kwenye koni zake mbili, ya ndani na ya nje. Koni ya kawaida ya mashine inakaa kwenye ncha za meno, na mashine itakuambia weka gramu 60 mahali ambapo hakuna kosa lolote.

DatsunMkwakwani

Sisi wa chuma je? 240Z, gari lililobeba Safari Rally 1971 na 1973, watu wanajadili spoku tu hapa 😀

Rimu za chuma za inchi 14, matundu manne kwa mduara wa milimita 114.3. Nimepewa mchanga mzuri mweupe wa pwani wa kupigia.

BintiPongwe

Mchanga wa pwani acha ufukweni, yakhe. Mambo mawili. La kwanza mapafu yako: mchanga wenye silika ukivunjika kwa presha unatoa vumbi linaloacha makovu mapafuni, na barakoa ya kitambaa haizuii. Tumia ganeti au shanga za kioo, na kofia yenye hewa yake. La pili, huo mchanga una chumvi. Unaipigilia chumvi ndani ya chuma kisha unaifunika kwa rangi. Baada ya masika moja utaona vipele chini ya rangi, na utamlaumu muuza rangi.

Baada ya kupiga, tazama mshono wa kulehemu kati ya sahani na ukingo, na matundu ya nati. Tundu likiwa la yai badala ya duara, rimu hiyo ilikimbia na nati zilizolegea. Usiijaze kwa kulehemu.

Kwa unyevu wa hapa chuma kilichopigwa kinaanza wekundu ndani ya saa chache, kwa hiyo praima ya epoksi siku hiyohiyo. Rangi piga kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa inaanza kutoa umande). Kama huna kipimo, futa kipande kwa kitambaa kibichi: unyevu usipokauka ndani ya dakika chache, ahirisha. Rangi inayopata ukungu mweupe haikuharibika, imefungia maji.

Tabaka mbili nyembamba za praima, mbili za rangi. Na tafadhali, ziba kwa utepe uso wa nyuma unaokutana na habu na vile vikombe vya nati. Rangi nene hapo inabonyea taratibu, nati zinalegea bila mtu kuzigusa. Fundi anaitwa mchawi bure.

DatsunMkwakwani

Nimekusoma. Nati zangu nimekopa za Corolla, zimeingia.

MenoYaHabu

Zimeingia raundi mbili tatu kisha zikawa ngumu, si ndiyo? Zitoe leo. Datsun ni milimita 12 kwa hatua (nafasi kati ya uzi na uzi) ya 1.25. Toyota ni 12 kwa 1.5. Zinashika mwanzoni, kisha zinakula nyuzi za bolti. Hili ndilo kosa la mji huu, kwa sababu kila duka lina nati za Toyota. Nati sahihi inaingia kwa vidole hadi mwisho. Kaza kwa msalaba, Nm 80 hadi 90 kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), rudia baada ya kilomita 50.

Ukihamia rimu za alumini, angalia umbo la nati pia. Zipo za koni, zipo za mkia mrefu na washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu la washa inagusa mduara mwembamba tu, nayo inatafuna alumini.

KataniPolish

Sasa mng'aro, kwa wale mliokwisha kukagua. Hapa Tanga tuna bahati tusiyoitumia. Diski nyingi za kung'arishia za hatua ya kwanza zinatengenezwa kwa katani, na sisi tunakaa juu yake.

Alumini ya kumimina, bila anodaizi (ngozi ngumu ya kinga inayowekwa kwa umeme): toa rangi kwa dawa ya kubandua. KAMWE kostiki soda ya kutengenezea sabuni, inayeyusha alumini mbele ya macho yako. Msasa wa maji 180, 240, 400, 600. Kila ukibadilisha namba, sugua kwa kukingama na mistari ya mwanzo hadi mistari hiyo iishe. Anayeruka kutoka 180 hadi 600 atarudi, kwa sababu diski haitoi mikwaruzo, inaing'arisha.

Kisha diski ya katani na dawa ya kahawia. Diski ya milimita 150 kwa mizunguko 2,900 kwa dakika inatosha, hiyo ni kama mita 23 kwa sekunde pembeni. Dawa kidogo kila mara. Ikibaki michirizi myeusi kama lami, umeweka nyingi au umebonyeza sana. Futa kwa unga wa chaki na kitambaa. Baada ya katani, diski ya pamba laini na dawa nyeupe, mguso mwepesi.

Kujishonea diski: kata duara 15 za kitambaa cha katani kipya kilichooshwa (gunia la zamani lina mchanga, litakwaruza), shona mizunguko kila sentimita moja kutoka katikati, bana kwa washa pana pande mbili. Iendeshe tupu dakika moja ukiwa umesimama pembeni. Usiitumie kwenye rimu ya spoku iliyosukwa. Uzi mmoja ukinasa spoku, mashine inaondoka na mkono.

Rimu za Fuchs za Porsche 911 ni habari nyingine. Hiyo ni alumini iliyofuliwa, si ya kumimina, na ya asili ina tabaka la anodaizi. Likiwa zima, osha kwa shampuu na uliache. Ukilisugua kwa dawa ya kung'arishia umelivua nguo, na hewa ya Raskazone itairudisha nyeupe ndani ya wiki chache.

KijanaNgamiani

Na ufa wa alumini ukipatikana, si anachomelea fundi wa gesi?

KataniPolish

Ukingo wa nje tu, kwa mtu anayechomelea kwa umeme na gesi ya argoni, tena kipande kidogo. Mkono wa rimu au eneo la nati, hapana. Nguvu ya rimu ilitokana na kupashwa na kukomazwa kiwandani kwa joto dogo, chini ya nyuzi 200. Moto wa kuchomelea unafuta kazi hiyo pembeni mwa mshono, na hapo ndipo patakapopasuka mara ya pili. Ndiyo maana pia poda ya alumini ichaguliwe inayoiva kwa nyuzi 180, na isirudishwe ovenini mara tatu kwa kubadilisha rangi.

MenoYaHabu

Nilisema nitarudi kwenye magnesi. Rimu za Minilite za mwanzo zilimiminwa kwa magnesi, nyingi zilizofuata ni alumini, na kwa macho zinafanana. Ndiyo maana ile siki ni ya lazima. Usiisage kwa graindi. Vumbi lake linashika moto, na maji yanauchochea, kwa hiyo weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Sugua kwa mkono, kusanya vumbi kila mara, lisichanganyike na cheche za chuma. Brashi ya waya wa chuma pia hapana: chembe zake zinabaki ndani na kila moja inaanzisha shimo la kutu.

Mashimo yakizidi milimita moja karibu na nati, itundike ukutani. Ikiwa nzima, kabla ya epoksi inahitaji dawa ya kuandaa uso wake, na zile za kromati ni sumu ya saratani. Hiyo si kazi ya uani, ipeleke kwa wenye birika na leseni. Na ukingo wa magnesi huwa na vitundu vidogo vya kumiminwa, kwa hiyo usishangae ikipoteza hewa usiku kucha hata tairi likiwa jipya.

DatsunMkwakwani

Tairi je? 165 za inchi 14 sizioni madukani, naona 185/70 tu.

MzeeWaSpoku

Kipenyo kinakaribiana, milimita 620 kwa 615, hivyo spidomita haitakudanganya sana. Upana wa rimu wa inchi 4.5 ndio wa chini kabisa kwa 185/70, linakaa lakini linayumba kidogo kwenye kona. Lijaribu kwanza tairi moja nyuma, pakia watu wawili, zungusha uone kama linagusa bodi. Na soma zile tarakimu nne za ubavuni: 2418 ni wiki ya 24 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na tarakimu za zamani ni mpira uliokauka. Kama ni rimu ya spoku, chungulia ndani ya tairi pia. Mengine yana mistari iliyoinuka ambayo inasaga tyubu. Papase kwa kiganja, ukihisi makali, paka unga wa talkamu mwingi au chagua lingine.

KijanaNgamiani

Mzee, nimepima mkao sehemu nne: 98, 98, 101, 98. Ile ya 101 ndiyo upande wa spoku zilizokatika. Nianze wapi?

MzeeWaSpoku

Kabla ya kukata kitu, geuza rula ncha kwa ncha upime tena sehemu zilezile. Ikibaki 101, laza ukingo juu ya kioo kinene baada ya kuufungua. Ukikuta mwanya chini ya ukingo peke yake, umepinda, na spoku mpya hazitaunyoosha. Ukilala sawa kwenye kioo, tatizo lilikuwa spoku, endelea kusuka.